Amiga ya studio ya harusi Mwanza: uchambuzi wa kisa cha kuhama kutoka FFS kwenda PFS3

FFS na PFS3 ni mifumo ya faili, yaani namna mbili za kupanga data kwenye diski ya Amiga, kompyuta ya zamani ya Commodore. Jina la studio, mtaa na majina ya wahusika vimeondolewa. Mwenye studio anaitwa hapa "mzee", na msaidizi wake "kijana", kama wanavyoitwa pale kazini.

Usuli

Studio iko katikati ya jiji la Mwanza. Tangu miaka ya 1990 inarekodi harusi, sendofu, ubarikio, kwaya, na msimu wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, kule Bujora, Kisesa, pale vikundi vya Wagika na Wagalu vinaposhindana kuvuta watazamaji kwa ngoma. Siku hizi wanatumia kamera za kidijitali na laptop kama studio nyingine yoyote. Ila chumba cha ndani kina Amiga 1200, ya toleo lililouzwa na Escom baada ya Commodore kufilisika mwaka 1994. Ina Kickstart 3.1 (programu ya kuwashia mashine iliyo kwenye chipu ya ROM), RAM ya asili MB 2, nyongeza ya MB 4, na diski kuu ya MB 170.

Mgeni akiiona huuliza bado ya nini. Zamani kamera ilirekodi mkanda mama usio na maandishi yoyote. Wakati wa kumnakilia mteja kaseti yake ya VHS, picha ilipitishwa kwenye jenloki (kifaa cha kuchanganya picha ya video na ya kompyuta) iliyounganishwa na Amiga, na programu ya Scala ikaweka majina ya maharusi, tarehe na maua ya pembeni papo hapo. Maandishi yalibaki kwenye kaseti ya mteja tu. Sasa kaseti nyingi za wateja zimeota ukungu, unyevu wa ziwani hauna urafiki na mikanda, na watoto wa wale maharusi wanakuja kutaka harusi ya wazazi wao kwenye flashi, "na yale maua yake". Mkanda mama upo kabatini. Maua yako ndani ya diski ya Amiga, kwenye skripti za Scala na picha za IFF (aina ya faili ya picha ya Amiga) alizochora mtu aliyeondoka studio zamani.

Kwa hiyo mashine hii inaingiza hela.

Tatizo lilivyojitokeza

Umeme ulikatika mzee akiwa anahifadhi skripti. Uliporudi, Amiga iliwaka, ikafika kwenye Workbench, mazingira yake ya kazi, lakini patisheni ya kazi (sehemu ya diski yenye skripti na picha) ikakataa kuandikwa na taa ya diski ikawa inapepesa bila kupumzika. Mzee akadhani imeganda. Akazima, akawasha. Ikapepesa tena, akazima tena.

Hapa inabidi kusimama kidogo, kwa sababu kisa chote kinazunguka jambo hili. FFS, mfumo wa faili ulio ndani ya Kickstart yenyewe, una ramani inayoonyesha bloku zipi za diski zimetumika na zipi ziko wazi. Uandishi unapoanza, ramani hiyo huwekwa alama kwamba si halali. Ukiisha na diski ikatulia, ramani mpya huandikwa na alama ya uhalali hurudishwa. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiwaka hukuta ramani isiyoaminika, na hulazimika kupita saraka zote na faili zote ili kuijenga upya. Mpaka imalize, patisheni inasomeka tu. Kwenye diski ya MB 170 kazi hiyo huchukua dakika kadhaa. Ikikutana njiani na bloku iliyoharibika, inashindwa, na patisheni inabaki ya kusomwa tu hata ukingoja mpaka kesho.

Kwa maana hiyo taa ile haikuwa dalili ya ugonjwa. Mashine ilikuwa inafanya ukarabati, na kila alipoizima ilianza upya. Simlaumu mzee: hakuna kitu kwenye skrini kinachosema "subiri".

Baadaye ukarabati ulishindwa kweli, kwa kosa la bloku mbovu, na diski ikaanza kutoa mlio wa kukwaruza. Fundi wa kwanza aliyeitwa alishauri ifomatiwe na Workbench ipandishwe upya. Kijana ndiye aliyegoma. "Mzee, tukifomati, maua tunayatoa wapi?"

Maamuzi na sababu zake

Kazi ikaja kwetu. Uamuzi wa kwanza haukuwa na mjadala: diski isiwashwe tena ndani ya Amiga mpaka inakiliwe yote, sekta kwa sekta. Diski inayokwaruza ina masaa yaliyohesabiwa, na hakuna ajuaye hesabu hiyo. Kuitengeneza papo hapo ni kuandika juu ya kitu pekee ulichonacho.

Wa pili ulikuwa mahali pa kuhamia. Diski za inchi 2.5 za IDE (njia ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta) zinazopatikana mitumbani zina umri uleule wa ile inayokufa. Kadi ya CompactFlash inaongea IDE moja kwa moja kupitia adapta ya pini 44 isiyo na akili yoyote ndani, haina injini, haili umeme mwingi. Mzee alitaka kadi kubwa, GB 32, "ili tusirudi tena huku". Tulimkatalia, na sababu ni ya hesabu. Kiendeshi cha IDE (programu inayoongoza diski) kilicho ndani ya Kickstart 3.1 hupokea anwani ya mahali kwenye diski kwa baiti, katika nambari ya biti 32, yaani mwisho ni baiti 4,294,967,296. Ukiiamuru iandike mbele ya hapo, anwani inazunguka na kurudi mwanzo, na data yako mpya inakaa juu ya jedwali la patisheni na faili za mfumo. Hakuna onyo. Kadi inayouzwa kama GB 4 ina takriban baiti bilioni 4, chini ya mpaka huo. Ziko njia za kuuvuka mpaka kwa viraka na amri nyingine, lakini studio iliyokuwa na MB 170 kwa miaka yote hiyo haina sababu ya kuzitafuta.

Wa tatu ndio uliochukua mazungumzo marefu: mfumo upi wa faili.

Kubaki na FFS kulikuwa na faida zake. Uko ndani ya ROM, kila Amiga inaujua, Linux inausoma kwa kiendeshi chake cha affs, na programu za uokoaji kama DiskSalv ya Dave Haynie ziliandikwa kwa ajili yake. Lakini kwenye GB 4 ule ukarabati wa baada ya umeme kukatika ungekuwa mrefu zaidi, na umeme ungekatika tena, hilo halina mganga.

SFS ya John Hendrikx ilijadiliwa. Ni mfumo mzuri na una uthabiti, ila unakula RAM zaidi, na sifa yake mafundini ni kwamba ukiharibika ni shida kuufufua. PFS3 ya Michiel Pelt ni nyepesi zaidi, inakwenda hata kwenye prosesa ya 68000, na toleo la pfs3aio lililokusanywa na Toni Wilen linapatikana bure. Jambo lililoamua ni namna inavyoandika. PFS3 haigusi muundo wa zamani mpaka ule mpya uwe umekamilika kwenye nafasi iliyo wazi, kisha hubadilisha kielekezi kwa hatua moja. Ni kama mwenye duka anayeandika hesabu ya leo kwenye ukurasa mpya kabla ya kuchana ule wa jana. Umeme ukikatika katikati, diski inarudi ilivyokuwa kabla ya hatua hiyo. Unapoteza kile ulichokuwa unaandika sekunde zile. Hakuna ukarabati wa kusubiri, na hakuna mtu wa kuukatiza.

Kijana alipendekeza patisheni ya kuwashia mashine ibaki FFS, ili PFS3 ikigoma tuwe na pa kuingilia. Hoja ilikuwa na uzito, lakini faili ya PFS3 huhifadhiwa kwenye RDB, eneo la mwanzo wa diski ambalo Kickstart hulitafuta ndani ya bloku 16 za kwanza na kulisoma kabla ya kitu kingine. Hata ukiwasha kwa flopi ya Workbench, mfumo huo unapakiwa kwanza. Tukaamua patisheni za mfumo na za kazi zote ziwe PFS3. Pendekezo la kijana tulilipa nafasi kwa namna nyingine: patisheni ya tatu, ndogo, ya FFS, kwa ajili ya kuhamishia faili kwenda laptop ya Linux, kwa sababu Linux haisomi PFS3. Patisheni hiyo ilikuja kutuokoa kwa jambo ambalo hakuna aliyelifikiria.

Utekelezaji

Kunakili diski ya zamani kulianza kwa kugonga mwamba. Adapta ya USB haikuiona kabisa, na mzee akaamini imeshakufa. Haikuwa imekufa. Adapta nyingi za USB zinataka diski inayoelewa LBA (kuhesabu sekta kwa namba moja ya mfuatano), na diski nyingi ndogo za miaka ile zinaongea kwa silinda, kichwa na sekta tu. Kompyuta ya zamani ya mezani yenye soketi halisi ya IDE ikapatikana kwa muuza mitumba wa vifaa, ikawashwa kwa CD ya Linux, na ddrescue ikaanza kazi. Programu hii huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, halafu ndipo hurudia mbovu, ikiweka kumbukumbu ya ilipofikia. Kwa diski inayokwaruza mpangilio huo ni muhimu kuliko mwendo. Tahadhari moja: kiunganishi cha pini 44 hubeba umeme pamoja na data, na ukikigeuza unaweza kuunguza diski. Tafuta pini namba 1 kabla ya kuwasha chochote.

Kazi iliyobaki ilifanyika kwenye laptop ya Windows, ndani ya WinUAE, emuleta ya Amiga inayoweza kushika kadi halisi na nakala ya diski kwa wakati mmoja. Windows ikiona kadi isiyoielewa huuliza kama iifomati. Jibu ni hapana, kila mara. Kijana aliandika HAPANA kwenye karatasi akaibandika pembeni ya skrini, na nadhani ndicho kifaa cha bei rahisi kuliko vyote katika kazi hii.

Kwenye HDToolBox, programu ya Amiga ya kupanga patisheni, hatua zilikuwa hizi: faili ya pfs3aio iliongezwa kwenye orodha ya mifumo ya faili ya kadi kwa kitambulisho 0x50465303, ambacho ni herufi P, F, S na namba 3 kwa maandishi ya heksa. Patisheni mbili za kwanza zikapewa kitambulisho hicho, ya tatu ikaachwa na FFS. Mabadiliko yakahifadhiwa, mashine ikawashwa upya, patisheni zikafomatiwa kwa njia ya haraka. DiskSalv ikapewa nakala ya diski ya zamani na kuagizwa ihamishe kila inachoweza kwenye patisheni mpya ya kazi. Skripti zilirudi karibu zote, maana ni faili ndogo. Picha chache za mandhari zilikuwa zimekaa juu ya bloku mbovu na hazikurudi.

Scala ilijaribiwa ndani ya emuleta na ikaonyesha kila kitu sawasawa. Kadi ikatolewa, ikapachikwa kwenye Amiga.

Kilichoharibika baada ya kudhani tumemaliza

Mashine iliwaka haraka na kimya kimya, mzee akatabasamu. Akafungua harusi ya kwanza. Maandishi yalitokea vizuri, ila ua la pembeni lilikuwa zima juu na mistari ya rangi za ajabu chini. Harusi ya pili vilevile. Picha ndogo hazikuwa na tatizo.

"Huo mfumo wenu mpya unakula picha," mzee alisema. Kijana naye alikuwa tayari kurudi FFS jioni ileile.

Ndipo ile patisheni ya tatu ilipofaa. Picha moja kubwa ilinakiliwa humo kupitia laptop, kisha ikafunguliwa kwenye Amiga. Mistari ileile. Kama FFS na PFS3, mifumo miwili isiyo na uhusiano, inaharibu picha kwa namna moja, basi kosa liko chini yao wote wawili. Faili za chini ya takriban KB 128 zilisomeka sahihi, za juu ya hapo hazikusomeka. Kiasi hicho si cha bahati mbaya.

Kila patisheni ya Amiga ina thamani iitwayo MaxTransfer, kiasi kikubwa kabisa ambacho mfumo wa faili unaruhusiwa kuomba kwa mkupuo mmoja. Ilikuwa imeachwa kubwa kama ilivyokuja. Kiendeshi cha IDE cha Kickstart na kadi nyingi hazielewani pale ombi moja linapozidi uwezo wa amri moja ya IDE, na zinazotoka ni takataka bila ujumbe wa kosa. Thamani salama ni 0x1FE00, yaani baiti 130,560, ambazo ni sekta 255 za baiti 512. Emuleta haipiti kwenye kiendeshi hicho, ndiyo maana kule kila kitu kilionekana kizima.

Thamani ilibadilishwa kwa patisheni zote tatu, bila kufomati upya. Kwa kuwa picha zilikuwa zimeandikwa kupitia emuleta, ndani ya kadi zilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni usomaji. Faili chache ambazo mzee alishazihifadhi upya akiwa kwenye Amiga yenyewe zilitupwa na kuletwa tena kutoka kwenye nakala.

Matokeo

Kabla ya kukabidhi, umeme ulikatwa kwa makusudi mara kwa mara huku mashine ikihifadhi faili za majaribio. Kila ilipowaka, patisheni ilikuwa tayari kuandikwa wakati uleule. Faili iliyokuwa inaandikwa ilikosekana. Zile za kabla yake zilikuwepo. Tangu hapo umeme umekatika wenyewe katikati ya kazi, na mzee amepoteza mabadiliko ya skripti moja, si patisheni.

Sauti ya upande mmoja wa mashine imefifia. Hizo ni kapasita za ubao mama, zinazojulikana kuvuja kwenye Amiga 1200, na dawa yake ni chuma cha kulehemu. Nalitaja kwa sababu mzee alidhani nayo ni ya mfumo wa faili.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi kuliko chochote ni kunakili kwanza. PFS3 ingekuwa mfumo bora mara kumi na bado isingerudisha ua hata moja kama ushauri wa kufomati ungefuatwa.

Uamuzi wa kuchagua mfumo kwa kuangalia kinachotokea umeme ukikatika ulikuwa sahihi kwa mahali hapa. Watu wa Amiga wanapozungumzia PFS3 mara nyingi husifia kasi. Kasi ipo, lakini studio inayofungua skripti moja kwa wakati haiioni. Studio hii ingekuwa na umeme wa uhakika, ningeshauri wabaki FFS na kuokoa muda wote uliotumika kueleza MaxTransfer.

Kilichoshindwa ni utaratibu wa majaribio. Emuleta ilithibitisha kwamba faili zimehamishwa, na jambo hilo likachukuliwa kama uthibitisho kwamba mashine halisi itazisoma. Jaribio la lazima lilikuwa kufungua faili moja kubwa kwenye Amiga kabla ya kumwita mzee. Kosa la pili ni la kutoweka kumbukumbu: hakuna aliyeandika orodha ya thamani za patisheni za diski ya zamani, na kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Kuhusu lawama ya haraka kwa kitu kipya, sidhani ni ya mzee peke yake. Umebadilisha mfumo wa faili, kadi, na adapta kwa siku moja. Kikiharibika kitu, akili inakwenda kwenye jina jipya kuliko yote. Ingekuwa bora kuhamia kwenye kadi kwanza na FFS ileile, kuhakiki, kisha kubadilisha mfumo. Tulibahatika kuwa na patisheni ya FFS ndani, iliyowekwa kwa sababu nyingine kabisa.

Gharama ya kuhama nayo ihesabiwe. DiskSalv haitasaidia tena kwenye patisheni za PFS3. Kuna PFSDoctor, programu ya kutengeneza patisheni za PFS3, ambayo ni lazima iwe kwenye flopi ya dharura kabla ya siku ya dharura. Laptop ya Linux haiwezi kufungua kadi moja kwa moja. Na PFS3 inalinda muundo wa diski, hailindi chipu ya kadi yenyewe: kadi ya bei rahisi ikikatiwa umeme wakati inapanga mambo yake ya ndani inaweza kuharibika, na hakuna mfumo wa faili utakaojua. Kwa hiyo UPS ndogo (betri ya akiba ya umeme) imenunuliwa, na kadi yote inanakiliwa kwenye laptop kila kazi kubwa inapoisha. Nakala moja inakaa nyumbani kwa kijana, Nyegezi, mbali na studio.

Lililobaki wazi ni kama skripti zote zitolewe Amiga na kutengenezwa upya kwenye programu ya kisasa. Kijana anataka, na ameshabadilisha picha kadhaa za IFF kuwa PNG. Mzee anasema herufi za Scala hazitoki vilevile, na kwa nilizoziona nakubaliana naye. Wamekubaliana kuhamisha kwanza harusi ambazo mikanda mama yake iko katika hali mbaya zaidi, nyingine zitasubiri.